Kriek: Namna ya Kuionja Bia ya Cheri ya Ubelgiji

Chupa mbili zinaweza kukaa kwenye rafu moja ya duka, zote zimeandikwa Kriek, zote zina picha ya cheri nyekundu, na ndani yake mna vinywaji viwili visivyofanana hata kidogo. Ya kwanza ina kilevi cha asilimia 3.5, ni tamu, rangi yake ni ya juisi, na hata asiyependa bia ataimaliza bila taabu. Ya pili ina asilimia 6 au zaidi, ni kavu, ina uchachu wa kumfanya mtu akunje uso, na harufu yake imechanganya cheri, lozi, ngozi na mbao kuukuu. Wapo wanaoonja ya kwanza wakadhani wameshaijua bia ya matunda ya Ubelgiji, na wapo wanaokutana na ya pili bila kuandaliwa wakadhani imeharibika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kriek iliyokamilika ni ile ambayo sukari ya tunda imeliwa yote na hamira, kikabaki kile ambacho hamira haikiwezi, yaani harufu, rangi, ukakasi wa ganda na ladha ya kokwa. Kuionja ni kutafuta vitu hivyo vinne na kuona kama vimekaa pamoja.

Lambic kwanza

Kriek ya jadi huanza na lambic, bia inayopikwa Brussels na katika bonde la mto Senne, hasa vijiji vya Pajottenland, kusini-magharibi mwa mji huo. Kimea cha shayiri huwa kama theluthi mbili ya nafaka, na sehemu iliyobaki ni ngano mbichi isiyooteshwa. Sheria ya Ubelgiji inataka ngano isipungue asilimia 30. Upishi wake huacha kwa makusudi wanga mzito ambao hamira ya kawaida ya bia haiuwezi, na wanga huo ndio chakula cha viumbe watakaofanya kazi polepole kwa miaka. Hopsi, maua ya mmea yanayoipa bia uchungu, hutiwa kwa wingi, ila ni hopsi kuukuu zilizokaa ghalani mwaka mmoja hadi mitatu mpaka uchungu wake ukaisha. Kazi yake ni kuzuia bakteria wasiotakiwa. Ukikutana na harufu ya mbali ya jibini ndani ya glasi, mara nyingi imetoka kwenye hopsi hizo.

Maji ya kimea yakishachemka kwa saa kadhaa humwagwa katika koelschip, sinia pana la shaba lisilo na kina, ambalo kwa kawaida huwekwa juu kabisa ya jengo, chini ya paa. Hapo huachwa wazi usiku kucha. Hakuna hamira inayotiwa kwa mkono. Hewa ya usiku huyapoza mpaka nyuzi 18 au 20 za Selsiasi ifikapo asubuhi, na hamira na bakteria walioko hewani na kwenye mbao za jengo huingia wenyewe. Ndiyo maana lambic hupikwa kuanzia Oktoba mpaka Aprili hivi: katika usiku wa joto maji hayapoi kwa wakati, na bakteria wa kuozesha huwatangulia wale wanaotakiwa.

Ndani ya pipa la mwaloni viumbe hupokezana zamu, na kila kimoja huacha alama ambayo mwonjaji anaweza kuitambua. Wiki za kwanza hutawaliwa na bakteria wa tumbo na udongo, wenye harufu ya mboga zilizochemshwa kupita kiasi. Harufu hiyo inatakiwa ipotee, na ikikutwa katika bia iliyokomaa ni kasoro. Halafu Saccharomyces, hamira ile ile ya bia na mkate, hula sukari nyepesi na kutoa sehemu kubwa ya kilevi. Baadaye bakteria aitwaye Pediococcus hushika kazi na kutengeneza asidi ya laktiki, uchachu laini uliomo pia katika maziwa ya mgando. Kipindi hicho bia inaweza kuwa nzito na kuvutika kama mlenda, na wapika bia husema inaumwa. Dawa yake ni subira. Brettanomyces, hamira iliyopewa jina hilo mwaka 1904 na N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, huja taratibu, hula ule mlenda pamoja na wanga uliobaki, na kuacha harufu za ngozi, majani makavu na zizi la farasi. Lambic inayoingizwa cheri mara nyingi huwa imeshakaa pipani mwaka mmoja na zaidi, hata miwili.

Mapipa yenyewe ni kuukuu, mengi yamewahi kubeba mvinyo, kwa hiyo usitegemee harufu kali ya mbao mpya. Kazi ya mbao hapa ni kupitisha hewa kidogo kidogo na kuwapa viumbe hao mahali pa kuishi kutoka bia moja hadi nyingine.

Cheri na hesabu yake

Cheri inayotajwa kwa heshima kuliko zote ni ile ya Schaerbeek, sehemu ya kaskazini mwa Brussels ambayo zamani ilikuwa mashamba. Ni ndogo, rangi yake inakaribia weusi, ni chachu, na kokwa yake ni kubwa ukilinganisha na nyama. Wakulima walizipakia kwenye punda kwenda kuziuza mjini, na Schaerbeek imeitwa mji wa punda mpaka leo. Miti hiyo imebaki michache, na viwanda vingi sasa hununua cheri chachu kutoka nchi nyingine za Ulaya, Poland ikiwemo. Chupa iliyoandikwa Schaarbeekse inadai kuwa na cheri za asili, na bei hupanda ipasavyo.

Kiasi cha tunda ndicho kinachotofautisha chupa na chupa kuliko aina ya cheri. Cantillon, kiwanda cha Anderlecht kilichoanzishwa mwaka 1900, hutia takriban gramu 200 za cheri kwa kila lita ya lambic. Boon, kiwanda cha Lembeek, hufika gramu 400 kwa lita katika Kriek Mariage Parfait, ambayo kilevi chake ni asilimia 8. Tofauti hiyo utaiona kwa macho na kuihisi kwenye fizi: yenye cheri nyingi ina rangi nzito na ukakasi unaoshika, na yenye cheri chache huacha lambic yenyewe isikike zaidi. Sioni kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Ukipenda tunda, tafuta gramu 400. Ukipenda kusikia pipa, gramu 200 zinatosha.

Sasa fuata sukari. Cheri chachu ina sukari ya kama asilimia 10 hadi 12, kwa hiyo gramu 200 za tunda huingiza gramu 20 hivi za sukari katika kila lita. Cheri huwekwa nzima, pamoja na kokwa, na siku chache baadaye hamira zilizomo kwenye lambic na zile zilizoganda juu ya maganda huamka na kuchachusha upya. Povu jekundu hupanda mpaka kwenye tundu la pipa, na pipa likizibwa mapema gesi hukirusha kizibo. Baada ya miezi miwili, mitatu, hata sita kwa baadhi ya viwanda, zile gramu 20 hazipo tena. Nyama ya tunda imeyeyuka, maganda yamepauka, na kokwa zimetuama chini. Mbegu iliyo ndani ya kokwa hutoa benzaldehidi, kemikali ile ile inayoipa lozi harufu yake. Mtu anayekuambia kriek yake ina kitu kama lozi hakukosea wala hakujipendekeza, anazisikia kokwa.

Hatua ya mwisho ni kuchanganya na lambic changa, ambayo bado ina wanga na sukari kidogo, kisha kujaza chupa ili uchachukaji uendelee humo na kutoa gesi. Hapa ndipo makosa mengi ya chupa yanapoanzia. Lambic changa ikizidi, gesi huwa nyingi na chupa hufoka ikifunguliwa. Ikipungua, bia hulala bila povu wala uhai, na uchachu wake huonekana mzito kuliko ulivyo.

Lebo inasema nini

Neno la kutafuta ni Oude Kriek kwa Kiholanzi, au Vieille Kriek kwa Kifaransa. Jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1997, na maana yake kwa mnywaji ni kwamba bia iliyomo ni ya uchachukaji wa asili na imechachuka tena ndani ya chupa. Kriek tupu, bila Oude, ni jina lililo wazi kwa karibu kila kitu. Geuza chupa usome viambato. Ukiona suiker au sucre, ni sukari. Zoetstof au édulcorant ni kiungo cha kutia utamu. Sap au jus ni juisi. Aroma au arôme ni harufu iliyoongezwa. Cantillon haitumii jina la Oude mbele ya kriek yake, na bado ni kavu kabisa, kwa hiyo usikatae chupa kwa kukosa neno moja. Viambato ndivyo shahidi mzuri zaidi.

Kilevi nacho kinasema mengi. Lindemans ya Vlezenbeek hutengeneza Kriek ya asilimia 3.5 na Framboise, yaani ya rasiberi, ya asilimia 2.5. Asilimia ndogo namna hiyo ni dalili kwamba lambic imechanganywa na juisi na utamu umebakizwa kwa makusudi. Kiwanda hicho hicho kina Oude Kriek Cuvée René, kavu na yenye nguvu zaidi. Kununua chupa hizo mbili za nyumba moja na kuzionja siku moja ni somo zuri kuliko maelezo yoyote.

Kuna tawi la tatu, ambalo halitoki kwenye lambic. Huko Flanders ya magharibi na mashariki hupikwa bia nyekundu na za kahawia zenye uchachu, na Liefmans ya Oudenaarde huloweka cheri katika bia yake ya kahawia. Humo utakuta ladha ya kimea, karameli na zabibu kavu chini ya tunda, na harufu ya zizi huwa haba. Ukiionja kwa kipimo cha lambic utaidhulumu.

Kuandaa chupa

Oude kriek huhifadhiwa ikiwa imelazwa, mahali penye giza na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15. Ile tamu isimame, na haina faida ya kukaa. Inywe kabla tarehe yake haijapita. Kuhusu kutunza kriek kavu kwa miaka mingi, ushauri wangu ni kutofanya hivyo ikiwa unalitaka tunda. Lambic itaishi, lakini cheri hufifia mwaka hadi mwaka, rangi ikielekea kahawia na harufu ikielekea ngozi na mbao. Mwaka mmoja au miwili tangu ijazwe ndio wakati mzuri.

Chupa iliyolazwa ina mashapo ubavuni. Unaweza kuisimamisha siku moja au mbili kabla ili yatuame, au ukatumia kikapu cha kumiminia kinachoiacha chupa imelala hata inapofunguliwa, kama wafanyavyo kwenye baa za Brussels. Kama huna kikapu, isimamishe tu. Mashapo hayadhuru, lakini huleta ladha ya hamira na kuipa bia ukungu unaoficha rangi.

Joto la kuonjea oude kriek ni nyuzi 12 hadi 14. Ikiwa baridi sana, harufu hujifunga na ulimi husikia uchachu na ukakasi peke yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuikataa. Ikizidi joto, harufu ya siki hupanda juu ya zote. Kriek tamu ni kinyume chake: nyuzi 4 hadi 6, kwa sababu utamu wake ukipata joto hugeuka mzito mdomoni. Kwenye nyumba yenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, chupa ndogo iliyotoka kwenye friji itafika mahali pake mapema, kwa hiyo anza kuionja ikiwa bado na ubaridi, uendelee kuifuata inavyopanda. Utaona lozi likijitokeza katikati ya safari hiyo.

Glasi ya mvinyo iliyobanwa kidogo mdomoni inafaa kuliko zote kwa kuonja. Glasi nyembamba ndefu inayotumika kwa kriek tamu ni nzuri kwa macho, ila haina nafasi ya kuzungushia bia. Suuza glasi kwa maji matupu mara mbili baada ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Sabuni na mafuta ya kitambaa huua povu, kisha bia ikalaumiwa bure. Mezani weka maji na mkate usio na chumvi nyingi. Kahawa, pilipili na manukato vikae mbali.

Kufungua na kumimina

Chupa nyingi za jadi zina kizibo kama cha mvinyo. Nyingine kizibo hicho kimefungwa kwa waya, nyingine kimefunikwa tena kwa kifuniko cha bati kama cha soda. Aina hii ya pili huwashangaza wengi: unatoa bati kwa kifungulio cha kawaida, unakuta kizibo kimezama chote ndani, na hapo bila kizibuo cha mvinyo huna la kufanya. Uwe nacho karibu kabla hujaanza.

Yenye waya, legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, inamisha chupa kidogo, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa yenyewe. Kizibo kitoke kwa pumzi, kisilipuke. Mlipuko huamsha mashapo. Bakuli na glasi ziwe tayari, maana chupa inaweza kufoka. Ikifoka, chunguza sababu kabla ya kulaani kiwanda: ilitikiswa njiani? Ilikuwa ya joto? Ikiwa ilipumzika na ilikuwa baridi, basi gesi imezidi kwa sababu sukari nyingi mno ilibaki wakati wa kujaza.

Mimina kwa mkono mmoja usiosita. Chupa ya sentilita 75 inatosha watu sita, kila mmoja sentilita 10 hadi 12. Panga glasi zote na uzijaze mfululizo bila kuisimamisha chupa katikati, kwa sababu kila unapoirudisha wima mashapo hupanda. Sentilita chache za mwisho ziache humo.

Macho, pua, mdomo

Inua glasi mbele ya kitu cheupe. Kriek kavu iliyo changa ni nyekundu ya kung'aa, na povu lake ni la waridi. Rangi ya cheri hukaa nyekundu katika mazingira ya asidi, na hewa inapoingia polepole huigeuza kahawia. Tazama ukingo wa bia unapogusa kioo, hapo ndipo kahawia huanza. Povu la bia hii halidumu. Asidi na miaka ya uchachukaji vimemaliza protini nyingi zinazolishikilia, kwa hiyo usiihukumu kwa povu lililokwisha dakika mbili baadaye. Hukumu viputo: vidogo, vinavyoendelea kupanda.

Nusa kwanza bila kuzungusha. Kinachofika mapema ni tunda, na swali la kwanza ni tunda gani. Cheri mbichi iliyotoka mtini, cheri iliyopikwa, au pipi ya cheri? Mbichi ndiyo inayotakiwa. Iliyopikwa huashiria umri au joto la ghala. Pipi huashiria harufu ya kuongezwa, na mara nyingi haina kitu nyuma yake. Kisha zungusha glasi na unuse tena. Lozi, mdalasini wa mbali, ngozi, majani makavu, limau: hizo ni kokwa, mbao na Brettanomyces. Harufu ya zizi ikiwa nyuma ya tunda hutia kina. Ikitangulia mbele ya tunda, cheri zilikuwa chache au chupa imezeeka.

Kinywa cha kwanza usikitolee hukumu. Mate hushtuka, taya hukaza, na unachosikia ni uchachu tu. Kinywa cha pili kishike mdomoni kwa sekunde tano hivi, kipitishe pembeni na chini ya ulimi, umeze. Cha tatu ndicho cha kuonjea. Aliyezoea mbege ya Kilimanjaro, inayopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi na kutiwa gome la msesewe, au urwagwa wa Rwanda, huvuka hatua hii haraka kuliko aliyezoea bia za chupa peke yake, maana ulimi wake unajua tayari kwamba uchachu na pombe vinaweza kukaa pamoja.

Uchachu uutenganishe. Ule wa asidi ya laktiki ni wa mviringo, huenea ulimi mzima na kuondoka taratibu. Ule wa tunda ni mkali pembeni mwa ulimi na huita mate. Ule wa asidi ya siki huchoma koo na kupanda puani. Kriek nzuri ina miwili ya kwanza kwa wingi na wa tatu kwa kiasi kidogo sana. Ukakasi, ule wa kukausha fizi, hutoka kwenye maganda, kokwa na mbao. Ukiwa na mpaka, huipa bia umbo, kwa sababu hakuna sukari ya kufanya kazi hiyo.

Baada ya kumeza, subiri. Nusu dakika nzima, bila maji wala mkate. Hapo ndipo kokwa hurudi, na hapo ndipo kasoro kubwa hujifichua.

Kasoro na chanzo chake

Siki iliyozidi hutokana na hewa kuingia pipani kwa wingi, kwa mfano pipa lililoachwa na nafasi tupu juu au mbao zilizolegea. Inapofuatana na harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, hiyo ni asetati ya ethili, ndugu wa siki, na chupa haiponi. Kuihifadhi zaidi hakusaidii.

Harufu ya siagi ni kazi ya Pediococcus ambayo haijasafishwa na Brettanomyces, bia imeharakishwa. Ile hali ya mlenda mdomoni ina sababu hiyo hiyo. Hizi mbili, tofauti na siki, zinaweza kwisha chupa ikiachwa miezi kadhaa.

Harufu ya karatasi iliyolowa au chumba chenye ukungu hutoka kwenye kizibo chenyewe. Ikiwa kidogo, huitambui kama ukungu. Unachoona ni tunda lililonyamaza bila sababu. Fungua chupa nyingine ya aina ile ile ulinganishe, na kama ya pili inanukia vizuri, basi kizibo cha kwanza kilikuwa kibovu.

Kasoro ninayotaka kila mwonjaji aijue ni ile inayoitwa ya panya. Haina harufu puani. Huja sekunde 10 hadi 30 baada ya kumeza, nyuma ya ulimi, kama nafaka iliyochakaa au kizimba cha panya. Sababu ni kwamba kemikali zake haziruki zikiwa ndani ya bia yenye asidi nyingi. Mate yanapopunguza asidi mdomoni, ndipo huachiliwa. Wapo watu wasioisikia kabisa, kwa hiyo usibishane na mwenzako mezani. Njia ya kuhakikisha ni kusukutua mdomo kwa maji yenye bikabonati kidogo, kisha kuonja: kama ipo, itajitokeza wazi. Hutokea zaidi kwenye chupa iliyojazwa karibuni na kupata hewa wakati wa kujaza, na mara nyingi hupungua ikipewa muda. Duka likikuuzia chupa ya namna hiyo na unayo nyingine, ilaze miezi sita uijaribu tena.

Matunda mengine

Rasiberi hutoa harufu nzuri kuliko cheri katika miezi ya mwanzo, lakini haina kokwa kubwa wala ganda la kuishikilia, na hufifia mapema. Rosé de Gambrinus, bia ya rasiberi ya Cantillon, inywe mpya. Aprikoti, ambayo Cantillon huitumia katika Fou'Foune, huacha harufu kubwa na rangi ndogo. Pichi hupoteza karibu kila kitu hamira ikishamaliza sukari yake, na ndiyo maana bia nyingi za pichi sokoni ni tamu, zikitegemea juisi. De Troch ya Wambeek hutengeneza hata ya ndizi, Chapeau Banana, nayo ni ya kundi hilo la tamu. Anayetafuta uchachu wa pombe ya ndizi asiutarajie humo.

Juu ya utamu, na meza

Kriek tamu ina mahali pake, ikiwa baridi, baada ya chakula. Ukizionja zote siku moja, anza na kavu umalizie na tamu. Ukigeuza mpangilio, kavu itaonekana kali isivyostahili, kwa kuwa ulimi uliokwishazoea sukari huuongezea uchachu uzito.

Wabelgiji wenyewe hawakuwa wakinywa lambic kavu siku zote. Kwenye baa za zamani mnywaji alipewa donge la sukari na stoemper, fimbo fupi ya chuma ya kupondea, akaitia utamu mwenyewe kwa kiasi anachotaka. Desturi hiyo ni ya busara kwa anayeanza: onja kavu kwanza, kisha ponda kipande kidogo cha sukari katika nusu ya glasi na uonje tena. Utasikia cheri ikiongezeka ghafla, ijapokuwa hakuna tunda lililoongezwa. Ulimi umezoea kulisikia tunda pamoja na sukari, na ukiupa kionjo kidogo tu hulitambua.

Chakula cha jadi cha kriek kavu ni mkate wenye jibini laini nyeupe, chumvi, figili zilizokatwa na vitunguu vya majani. Mafuta ya jibini hutuliza asidi, na ukali wa figili hukata ukakasi. Nyama ya sungura iliyopikwa kwa kriek ni maarufu kote Ubelgiji, na bata huenda nayo vizuri pia.

Chupa iliyobaki nusu, izibe na uiweke kwenye friji. Siku ya pili bado ina harufu, siku ya tatu gesi imekwisha. Hapo ipeleke jikoni. Kaanga vitunguu, rudisha nyama iliyokwisha kupata rangi, mimina kriek na uache moto mdogo. Usiikaushe kwa moto mkali ukitaka rojo zito, kwa sababu maji yakitoka asidi hubaki na rojo huwa chachu mno. Punguza rojo kidogo tu, na sukari au asali uitie mwishoni, ukionja kila kijiko.